Majani ya Uani Mwetu: Yanaua Vijidudu, Lakini Je, Yanaponya?

Mabedui walipomuuliza Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) kama inafaa wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuuweka ugonjwa duniani pasi na kuuwekea dawa yake, isipokuwa uzee. Mafundisho hayo ndiyo yaliyowapa Waislamu wa zama zote moyo wa kutafuta tiba bila ya kukata tamaa. Nasi watu wa Pwani, toka enzi za mababu, tumeitafuta dawa hiyo karibu sana na mlango: katika mwarobaini uliosimama penye kivuli cha baraza, katika mpera wa uani, katika mhina uliooteshwa penye ua, na katika mkunazi ambao majani yake hayakosi kutafutwa siku ya msiba.

Siku hizi habari za majani haya zimepata nguvu mpya. Hapiti mtu wiki bila ya kusikia kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa jani fulani linaua bakteria. Habari hizo kwa kawaida ni za kweli. Tatizo ni pale zinapofika jikoni kwetu. Mama mwenye mtoto anayechemka homa husikia “linaua bakteria” akaelewa “litamponya mwanangu,” na baina ya maneno hayo mawili pana umbali ambao umewagharimu watu roho. Makala haya yanakusudia kuupima umbali huo, bila ya kuidharau elimu ya bibi zetu na bila ya kuitukuza kupita mpaka wake.

Kwa nini jani liwe na dawa?

Mti hauwezi kukimbia. Mdudu akija kuutafuna, au kuvu ikiota juu ya jani lake lililolowa umande, hauna mkono wa kujipangusa wala mguu wa kuondokea. Mola wake ameupa silaha nyingine: ndani ya majani yake mna kemikali nyingi zenye uchungu, ukali au harufu, ambazo kazi yake ni kuwafukuza au kuwaua wanaoushambulia. Tanini ndiyo inayoukausha ulimi tunapotafuna jani changa la mpera. Saponini ndiyo inayotoa povu majani ya mkunazi yanapopondwa kwa maji. Mafuta yenye harufu ndiyo tunayoyasikia tukilifikicha jani la mrihani. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo kwamba majani yanaua vijidudu. Lililo muhimu ni kujua yanawaua vijidudu gani, kwa kipimo gani, na yanapoingia katika mwili wa binadamu yanafanya nini zaidi.

Maabarani wanafanya nini?

Mtafiti huchukua majani, akayakausha kivulini, akayasaga, kisha akayaroweka katika maji, spiriti au kimiminika kingine ili kitoke kile kilichomo ndani. Baadaye hukichuja na kukiacha kikauke mpaka kibaki unga au utomvu mzito. Hicho ndicho kinachoitwa kiziduo. Kisha huchukua sahani ndogo yenye jeli inayowalisha bakteria, akawapaka juu yake bakteria wa aina anayoitaka, na akaweka vipande vidogo vya karatasi ya mviringo, kila kimoja chenye upana wa milimita 6, vilivyotiwa kiziduo. Sahani huwekwa katika joto linalokaribia lile la mwili wa mtu, nyuzi 37, usiku kucha.

Asubuhi hutazama. Bakteria wakiwa wameota kila mahali kama ukungu juu ya mkate, jani halikufanya kitu. Ikionekana duara tupu kukizunguka kipande cha karatasi, ni dalili kwamba kiziduo kimewazuia. Duara hupimwa kwa milimita na hulinganishwa na lile la dawa inayojulikana.

Kwa njia hii majani mengi ya Pwani yameonyesha nguvu. Mara nyingi nguvu hiyo huwa kubwa zaidi juu ya bakteria kama stafilokoka, ambaye hukaa juu ya ngozi na husababisha majipu na vidonda vyenye usaha. Huwa dhaifu juu ya bakteria wengi wa matumboni, kwa sababu hao wamezungukwa na utando wa nje wa ziada unaozizuia kemikali nyingi zisipenye. Kwa hiyo hata pale maabarani jani moja haliwi dawa ya kila kitu.

Sahani si mwili

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Baina ya sahani ya maabara na mwili wa mtoto zipo hatua tatu, na jani linaweza kujikwaa katika yoyote kati ya hizo.

Hatua ya kwanza ni kipimo. Antibaiotiki za hospitali huwazuia bakteria kwa kiasi kidogo mno kinachohesabiwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu, katika kila mililita. Viziduo vingi vya majani huhitaji miligramu kadhaa, ambazo ni mara elfu zaidi. Tufanye hesabu. Tuseme kiziduo fulani kinahitaji miligramu 5 kwa kila mililita ili kiwazuie bakteria. Mtoto wa kilo 10 ana maji mwilini yanayokaribia lita 6. Ili kiziduo kienee mwilini mwake kwa kiwango hicho, atahitaji gramu 30 za kiziduo kikavu. Na ikiwa majani makavu hutoa kiziduo sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake, basi ni lazima anyweshwe nguvu yote ya gramu 300 za majani makavu kwa mara moja, tena tukidhani kwamba tumbo limeipokea yote na ini halikuivunja hata chembe. Hakuna kikombe cha dawa kinachobeba kiasi hicho, na kama kingekuwepo, kingemdhuru.

Hatua ya pili ni namna ya kulitoa jani kile kilichomo. Mtafiti aliyepata duara kubwa huenda alitumia methanoli, ambayo ni sumu na hukaushwa kabla ya jaribio. Mama nyumbani anachemsha kwa maji. Kemikali zinazotoka kwa spiriti si lazima zitoke kwa maji, na nyingine huharibika kwa moto. Jani ni lile lile, lakini kilichomo kikombeni si kile kilichowaua bakteria sahanini.

Hatua ya tatu ni madhara. Klorini ya kusafishia choo huwaua bakteria wote sahanini, wala hakuna anayefikiri kuinywa. Kuua kijidudu ni rahisi. Kukiua na kumwacha mgonjwa salama ndiyo kazi ngumu, na sahani haina ini wala figo ya kutuonyesha tofauti hiyo.

Kisa cha jani lililovuka hatua zote

Yapo majani yaliyofaulu, na kisa cha mojawapo kinatuhusu sana sisi tunaoishi na mbu. Mwaka 1969 mtaalamu wa dawa wa Uchina, bibi Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika miti shamba ya kwao. Kikundi chake kilipekua vitabu vya kale na kujaribu mimea mingi. Mmoja, artemisia, ulionyesha matumaini, kisha jaribio lililofuata likashindwa. Akarejea kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba yeye hakuagiza mmea uchemshwe. Aliagiza urowekwe kwa maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 kiziduo chake kikawaponya panya wote wa majaribio. Kabla ya kupewa wagonjwa, yeye na wenzake walikinywa wao wenyewe ili wajue kama ni salama. Mwaka 1972 wakaipata kemikali yenyewe, artemisinini. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Dawa ya malaria tunayopewa leo katika zahanati zetu, ile ya vidonge vinavyomezwa kwa siku tatu, imetokana na jani hilo. Elimu ya kale ndiyo iliyoonyesha njia, lakini ilibidi ipimwe, isafishwe, iwekewe kipimo na ichanganywe na dawa ya pili ili vijidudu visiizoee. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia kwa kutibu malaria, ijapokuwa ni mmea ule ule. Kikombe kimoja huwa na dawa nyingi, kingine kidogo, na kipimo pungufu huwaacha hai vijidudu vilivyo sugu.

Majani manne tunayoyajua

Mwarobaini. Jina lake linasema kwamba unatibu maradhi arobaini. Asili yake ni Bara Hindi, na huko ndiko mwanakemia Muislamu Salimuzzaman Siddiqui alikozidua nimbini na kemikali nyingine za mti huu mwaka 1942. Sehemu yake bora huenda ni nje ya mwili. Mwaka 1992 watafiti wa India waliandika kwamba waliwapaka watu 814 wenye upele mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na manjano, na asilimia 97 wakapona baina ya siku 3 na 15. Ulikuwa utafiti wa awali tu, lakini unatia moyo. Kuunywa ni jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini wakashikwa na kutapika, usingizi mzito na degedege. Mafuta hayo hutoka kwenye mbegu, si kwenye jani, ila fundisho ni moja: mti ulio dawa unaweza kuwa sumu. Majaribio kwa wanyama pia yameonyesha kwamba mwarobaini unaweza kuharibu mimba. Mama mjamzito, na anayetaraji kushika mimba, na auepuke kabisa kinywani.

Mpera. Majani yake machanga ni dawa ya kuhara ya tangu zamani, na sayansi imeipa desturi hiyo haki yake kwa kiasi. Mna kemikali iitwayo kwasetini inayotuliza msukosuko wa utumbo. Lakini kinachomuua mtoto anayehara kwa kawaida ni kukaukiwa maji na chumvi, na majani ya mpera hayavirudishi. Kinachovirudisha ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, yakichanganywa kama ilivyoandikwa juu ya pakiti. Pamoja nayo, tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kila siku, au miligramu 10 akiwa hajatimia miezi sita. Mtu mzima akitaka kunywa maji ya majani ya mpera, na anywe. Kwa mtoto yasishike kamwe nafasi ya ORS.

Mhina. Rangi nzuri ya hina hutokana na lawsoni, ambayo maabarani huzuia kuvu za ngozi. Wanawake wengi huipaka kwa furaha bila ya madhara. Hata hivyo, wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD katika damu yao. Upungufu huu si mgeni katika sehemu zenye malaria kama Pwani yetu, na huwapata zaidi wanaume. Madaktari katika nchi za Ghuba wameandika habari za watoto wenye upungufu huo waliopakwa hina mwilini, kisha chembe zao za damu zikavunjika hata wakawa katika hatari ya kufa. Lawsoni hupenya ngozi laini ya mtoto. Basi mtoto mchanga asipakwe hina, hata kama ni ya majani matupu. Na piko nyeusi inayopakwa maharusi ni jambo jingine kabisa. Hiyo mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, ambayo imewaunguza watu wengi ngozi.

Mkunazi. Wanawake wanaoosha maiti wanakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.), alipofariki binti yake, aliwaelekeza wanawake waliokuwa wakimwosha watumie maji na majani ya mkunazi, na katika osho la mwisho watie kafuri. Saponini za majani hayo hufanya kazi kama sabuni: huinua uchafu na mafuta yakaondoka na maji. Jani hapa limetumika pale linapofaa, juu ya ngozi, kwa ajili ya kutakasa.

Saa zinazohesabika

Huenda msomaji akauliza, kuna dhara gani kujaribu jani kwanza, kisha kwenda hospitali likishindwa? Jibu lipo hapa hapa Pwani. Katika hospitali ya Kilifi watafiti waliwapima damu maelfu ya watoto waliolazwa baina ya miaka 1998 na 2002, wakitafuta bakteria walioingia katika damu. Maradhi hayo yalihusika na takriban robo moja ya vifo vya watoto hospitalini humo. Na katika kila watoto watatu waliokufa nayo, mmoja alifariki siku ile ile aliyolazwa. Walifika, lakini wakati ulikuwa umekwisha kwenda.

Mtoto wa namna hii, kwa macho ya nyumbani, ana “homa tu.” Siku mbili za kumfukiza na kumnywesha maji ya majani ndizo siku mbili ambazo dawa ya sindano ingemwokoa. Jani halikumuua. Kilichomuua ni kungoja.

Na isidhaniwe kwamba tunamtupia lawama mwenye mitishamba peke yake. Anayenunua vidonge viwili vya antibaiotiki dukani bila ya kupimwa, na anayezikatiza dawa akipata nafuu, wanaharibu jambo lile lile kwa njia nyingine. Bakteria wanaoonjeshwa dawa bila ya kumalizwa hujifunza kuishinda. Utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa. Ndiyo sababu wanasayansi wanarudi kuyachunguza majani, wakitafuta silaha mpya, nayo ni kheri. Lakini silaha haipelekwi vitani kabla ya kujaribiwa.

Mwongozo wa nyumbani

Kwa hayo yote, tunaziusia familia zetu mambo yafuatayo.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili akishikwa na homa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Na katika miezi sita ya kwanza asipewe maji ya majani ya aina yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha, na dawa apewe ile tu aliyoandikiwa.

Kitovu kibichi kisiwekwe majani yaliyopondwa, wala majivu, wala mafuta. Ni mlango ulio wazi wa damu, na pepopunda hupitia hapo. Mama aulize kliniki dawa ya kupaka kitovu.

Kwa mtoto mkubwa, dalili ya mvua ni mawingu. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipatwa na degedege, akilegea asiamke vizuri, akipumua kwa haraka na mbavu zikivutwa ndani, au akihara damu, usichemshe kitu. Mchukue mtoto.

Majani ya kuosha ngozi, ya kuogea na ya kufukuzia wadudu yana nafasi yake, maadamu ngozi haina kidonda kirefu na jicho halikuguswa.

Mwisho, ukiulizwa na daktari umempa mgonjwa nini, sema kweli, kwani majani mengine hugongana na dawa za presha na za sukari. Na ukiona daktari anakunja uso, sema vile vile. Haya ya dakika moja ni nyepesi kuliko majuto ya maisha.

Amana

Bibi zetu walitibu kwa walichokuwa nacho, na walikijua vyema. Walijua jani gani lichumwe asubuhi na lipi lisiguswe na mjamzito. Elimu hiyo ni amana, na njia ya kuitunza amana ni kuiandika, kuipima na kuitenga iliyo sahihi na isiyo sahihi, kama wanazuoni wetu walivyozichambua riwaya, wasikubali kila lililosemwa kwa kuwa tu limesemwa zamani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhima ya madhara iko juu yake. Dhima hiyo inamhusu muuza chupa sokoni, inamhusu muuza vidonge dukani, na inamhusu kila mmoja wetu anayemwambia jirani, “Mpe hii, itamfaa,” bila ya kujua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitibu kwa elimu na kumtegemea Yeye. Amin.